Kwa Nini Karakana Yetu ya Samani Ilitoka Keko Ikahamia Dodoma

Mwezi Agosti mwaka 2023 mteja wetu mmoja wa Dodoma alinipigia simu jioni akaniomba nifike mwenyewe, kwa sababu milango tuliyomuuzia miezi mitatu kabla ilikuwa imeanza kupasuka. Milango hiyo ilikuwa kumi na minne, yote ya mninga, yote ya paneli, na kila mmoja ulikuwa umepita mikononi mwa fundi wetu mkuu, mzee ambaye ameshika randa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipanda basi la alfajiri. Nilipofika nilikuta paneli zimesinyaa mpaka mstari wa mbao isiyopakwa vanishi, mwembamba kama ukucha, unaonekana kando ya kila fremu. Katika milango mitatu, ambayo paneli zake zilibanwa kwa gundi badala ya kuachiwa nafasi ya kucheza, mbao ilikuwa imechanika katikati kwa kufuata nyuzi zake. Mteja hakunifokea. Alinikalisha sebuleni, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza kwa upole: "Ndugu yangu, hivi mbao hizi zilikuwa zimekauka kweli?"

Zilikuwa zimekauka, lakini zilikaukia Dar es Salaam. Mbao haifiki mahali ikasema sasa nimekauka basi. Huendelea kuvuta na kutoa unyevu mpaka ilingane na hewa ya mahali ilipo. Kipima unyevu chetu kule Keko, mtaa wa Temeke jijini Dar es Salaam ilikokuwa karakana yetu, hakikuwahi kushuka chini ya asilimia 14 kwa mbao iliyokaa chini ya paa, na baada ya masika kilikuwa kikisoma 16. Nilikuwa nimekibeba mfukoni siku ile. Nilikichoma kwenye mlango wa chumba cha kulala cha mteja yule, kikasoma 9. Tofauti hiyo ya asilimia saba ndiyo iliyochana milango yake, na ndiyo iliyotulazimu kumtengenezea mingine kwa gharama zetu, kazi iliyomeza faida ya karibu miezi miwili.

Naanza na habari hii kwa sababu watu wengi wanaoniuliza kuhusu kuhamisha biashara ndogo huanza na swali la kodi ya pango, na mimi pia nilianza huko. Mwezi uliofuata mwenye eneo letu la Keko alitutaarifu kwamba pango lingepanda kutoka shilingi 900,000 hadi 1,300,000 kwa mwezi, lilipwe mwaka mzima mbele. Nikaanza kutafuta mji wenye pango nafuu. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba swali hilo peke yake lingenipeleka mahali pasipofaa, na kwamba jibu nililokuwa nalitafuta nilikuwa nimekwisha kulisoma kwenye kile kipimo pale sebuleni, ila sikulitambua.

Jambo la kwanza lililonisaidia lilikuwa kutenganisha gharama zinazobadilika kwa mji na zile zisizobadilika. Mtu akikwambia kwamba mji fulani una kodi nafuu, mwombe akutajie ni kodi ipi. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni ile ile Tanzania Bara nzima, na kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili, ambacho tangu Julai 2023 ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, hakiangalii kama uko Kariakoo au Kondoa. Kodi ya mapato ni ya taifa. Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi hupangwa kwa sekta, si kwa mji. Michango ya NSSF ni ile ile. Bei ya uniti ya umeme ya TANESCO haibadiliki eti kwa sababu umevuka Chalinze. Hata ushuru wa huduma, ambao ni wa halmashauri, sheria imeuwekea ukomo wa sehemu ndogo ya mauzo, na sikuona mji wowote kati ya niliyoitembelea unaotoza kidogo ili kuvutia watu.

Kwa hiyo, katika nchi yetu, sehemu kubwa ya kile kinachoitwa mazingira rafiki ya biashara hukupata popote ulipo, iwe kwa heri au kwa shari. Kinachobaki mikononi mwa mji ni vitu vichache ambavyo havitangazwi: nafasi, maji, umbali kutoka kwenye malighafi, umbali wa mteja, mafundi wanaopatikana, gharama ya maisha ya mafundi hao, na tabia ya ofisi utakayokwenda kila mwaka kuhuisha leseni. Mafuta ya gari ni kitu kingine kinachotofautiana, kwa kuwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila mji kwa kuzingatia umbali kutoka bandarini; hapo miji ya bara inashindwa na Dar es Salaam na Tanga, na mtu anayehamia bara sharti aiingize tofauti hiyo kwenye hesabu zake mapema.

Nilikuwa na miji minne kwenye daftari. Mwanza niliitoa haraka. Ni mji mkubwa wenye fedha na ningependa kuishi karibu na Ziwa Victoria, lakini hatukuwa na mteja hata mmoja kule, na mbao zetu za paini hutoka Mufindi, kusini kabisa mwa njia hiyo. Tanga nilikaa nayo kwa muda mrefu kidogo. Pango lake lilikuwa la chini kuliko miji yote niliyoitazama, maghala ya zamani ya enzi za mkonge ni makubwa na yana paa refu, na mtiki wa Longuza uko Muheza, jirani kabisa. Hata hivyo, Tanga ni pwani. Unyevu uliotutia hasara Keko ungetusubiri pale pale, na kila tulichotengeneza kingehitaji kusafiri karibu kilomita 350 kufika Dar es Salaam, au kushuka mpaka Chalinze kabla ya kushika njia ya kwenda Dodoma, ambako tayari nusu ya oda zetu zilikuwa zinakwenda.

Morogoro ilikuwa ngumu kuiacha. Ni mji uliojengewa viwanda vya ngozi, viatu na turubai katika miaka ya 1970 na 1980, na ingawa vingi vilikuja kufungwa, mji ulibaki na watu wanaojua kazi ya karakana na maeneo kama Kihonda ambako kelele za msumeno hazimshangazi mtu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko pale na kinafundisha mambo ya misitu. Lori la mbao linalotoka Mafinga, mji mkuu wa Mufindi, kwenda Dar es Salaam hupita mlangoni. Kutoka Morogoro ungeweza kuhudumia Dar es Salaam kwa mkono mmoja na Dodoma kwa mkono wa pili. Nilikwenda mara tatu, na safari ya tatu nilikuwa na fedha ya kuweka kishika nafasi. Kilichonizuia kilikuwa kitu kidogo: mwenye karakana moja pale aliniruhusu nipime mbao zake zilizokaa chini ya paa kwa miezi sita, nikapata 13. Milima ya Uluguru huleta mvua na ukungu, jambo jema sana kwa mkulima wa mboga, lakini mlango unaokwenda Dodoma kutoka pale ungekuwa na safari ya asilimia nne mbele yake.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza ni mji gani una pango nafuu na kuanza kuuliza ni mji gani unafanya sehemu ya kazi yangu bila malipo. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata kama nusu ya hizo, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu. Watu wanaoikimbia Dodoma huitaja hali hiyo kama kasoro. Kwa seremala, hali hiyo ni tanuri. Mbao inayopangwa kwa safu chini ya bati, kila safu ikitenganishwa na inayofuata kwa vipande vyembamba ili hewa ipite, hushuka yenyewe mpaka asilimia 10 bila uniti hata moja ya LUKU. Na mlango uliokaukia Dodoma ukienda Dar es Salaam utavimba kidogo, jambo ambalo fundi hulirekebisha kwa kupitisha randa ukingoni, ilhali mbao iliyochanika haina dawa.

Ramani nayo ikakubaliana na kipimo. Kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 580. Kutoka Mafinga hadi Dodoma, kwa barabara ya lami inayopita Iringa na Mtera, ni kama kilomita 340. Mninga wa Tabora unaokwenda Dar es Salaam kwa njia ya Manyoni hupita Dodoma, kwa hiyo kwa miaka yote tulikuwa tunalipa nauli ya zaidi ya kilomita 450 kuushusha pwani, tunautengeneza mlango, kisha tunalipa tena kuurudisha ulikopita. Kila lori la mbao hutembea na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo hukaguliwa kwenye vizuizi njiani, na aliyewahi kumsubiri dereva aliyezuiwa usiku kwa sababu ya tarakimu iliyoandikwa vibaya atanielewa nikisema kwamba kupunguza kilomita 240 si suala la dizeli peke yake.

Soko la Dodoma linahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu limezaa matumaini mengi yasiyo na hesabu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini uliendelea kwa mwendo wa pole, kiasi kwamba watu wa rika langu tulikua tukiusikia kama hadithi. Mambo yalibadilika Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na sheria ya kuitambua kama makao makuu ikapitishwa mwaka huohuo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, dhidi ya 5,383,728 wa mkoa wa Dar es Salaam. Kwa muuza bidhaa za rejareja tofauti hiyo ni kubwa mno, na nisingemshauri mwenye duka la nguo avunje duka Kariakoo kwa sababu yangu. Kwa mtengeneza milango, kinachohesabiwa ni idadi ya nyumba zinazojengwa. Ukizunguka Ilazo, Nkuhungu, Kisasa au Mkonze, unakutana na nyumba baada ya nyumba iliyofika kwenye linta, au iliyoezekwa na bado madirisha yake yamezibwa kwa matofali yasiyo na saruji. Kila moja ya nyumba hizo itahitaji milango.

Nilikaa Dodoma kwa wiki mbili mwezi Machi 2024, nikapanga chumba badala ya kulala hotelini, kwa sababu nilitaka kuishi kama fundi wangu atakavyoishi. Ushauri huu naupa uzito kuliko mwingine wowote. Katika wiki hizo nilijua maji hutoka siku zipi, umeme hukatika saa ngapi, nauli ya kwenda kazini ni kiasi gani, na sahani ya wali maharage inauzwaje kwa mama lishe wa karibu. Nilikwenda kwa afisa biashara bila kuwa na shida yoyote, nikamuuliza mambo ya leseni ya karakana, nikaangalia kama nitajibiwa au nitaambiwa nirudi kesho. Nilijibiwa siku ileile. Nilimwona pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtu ambaye wageni wengi humsahau, naye ndiye aliyenitahadharisha kuhusu kiwanja kimoja ambacho dalali alikuwa ananihimiza nikilipie, kumbe kilikuwa na mgogoro.

Tuliishia Kizota, eneo ambalo limezoea viwanda na maghala. Eneo lina mita za mraba 400, na pango lake ni shilingi 500,000 kwa mwezi, lililipwa miezi sita mbele. Keko tulikuwa na mita 120 kwa 900,000. Nataka msomaji aiangalie ile 400 kuliko anavyoiangalia ile 500,000. Keko mbao zilikuwa zinalala zimebanana ukutani, na mashine ya randa ilikuwa imekaa upande ambao ubao wa futi kumi na sita ulilazimika kutokea barabarani kila unapopita, huku kijana mmoja akiwa amesimama nje kuwazuia wapita njia. Kazi ya kijana huyo ilikuwa kusimama. Sasa ubao unaingia upande huu na kutokea upande ule ndani ya uzio wetu, na safu za mbao zinazokauka zina nafasi yake ya kudumu upande wa mashariki, zikiwa zimeandikwa kwa chaki tarehe ya kupangwa.

Mafundi walikuwa tisa. Niliwaeleza miezi minne kabla, nikawaambia kwamba atakayehama atalipiwa gari la mizigo na kodi ya chumba ya miezi mitatu. Walikubali watano. Wanne walibaki, na sikuwalaumu, kwa sababu mke wa mmoja alikuwa ameajiriwa Temeke na mwingine alikuwa na mama mgonjwa. Fundi mkuu ndiye niliyemwogopea zaidi, maana ametumia maisha yake yote ya kazi pwani. Alikuja kutazama kwanza. Aliokota kipande cha mninga kilichokaa juani kwa karibu wiki sita, akakigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio, akasikiliza, akagonga tena. "Huu unalia, mwanangu," akasema. Alihama mwezi uliofuata.

Karatasi za kuhama hazikuwa nyingi kama nilivyohofia, ila zina mpangilio wake, na anayeuvuruga huchelewa. Mabadiliko ya anwani hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Taarifa za mlipa kodi hubadilishwa TRA ili jalada lako lihamie mkoa mpya. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, nayo hupaswa kufuata anwani mpya. Leseni ya biashara ya Temeke haihami nawe, unaomba nyingine kwa halmashauri unayohamia. Tulikosea jambo moja: tulihamisha mashine kabla ya kukamilisha taarifa za EFD, tukakaa siku kumi na moja bila kuweza kutoa risiti, na katika siku hizo oda mbili zilitupita. Afadhali karakana ikae imefungwa wiki moja Dar es Salaam huku taratibu zikikamilishwa, kuliko kuifungua mji mpya ikiwa haiwezi kuuza.

Sitaki kuficha upande mgumu. Maji ni tatizo la kweli. Mji umetegemea kwa miaka mingi visima vya Mzakwe, nao umekua haraka kuliko visima hivyo, kwa hiyo tulilazimika kununua tangi la lita 5,000 wiki ya kwanza. Vipuri vya mashine bado ni vya Dar es Salaam. Blade ya msumeno ikivunjika Jumamosi, Jumatatu mtu lazima asafiri. Hapo reli ya SGR imetuokoa kuliko nilivyotarajia: safari za Dodoma zilianza mwishoni mwa Julai 2024 na reli ikazinduliwa rasmi Agosti 1, siku chache baada ya sisi kuhamia, na tangu hapo mtu wetu huondoka alfajiri, hununua bawaba, vitasa na vanishi Kariakoo na Gerezani, na usiku analala kwake. Kwa basi ilikuwa kazi ya siku mbili.

Ugumu mkubwa zaidi ni ukopaji. Katika mji wa watumishi wa umma, fedha hutembea kwa tarehe za mshahara na kwa mwaka wa bajeti. Mtumishi anayejenga hutoa malipo ya awali vizuri, kisha hukaa. Taasisi moja tuliyoitengenezea meza na viti ilichukua miezi saba kutulipa, na katika miezi hiyo tulilipa mishahara kwa fedha za mbao za oda nyingine, hatari ambayo imewahi kuua karakana nzuri kuliko yetu. Tangu hapo tumeweka utaratibu: asilimia 60 kabla ya kukata ubao, asilimia 30 kabla ya kupakia, na 10 baada ya kufunga mlango na kuufungua mbele ya mteja. Kwa ofisi hatuchukui kazi inayozidi robo ya mauzo ya mwaka, hata ikiwa bei yake inavutia. Mtu anayehamia Dodoma kwa matumaini ya zabuni aje na mtaji wa kukaa miezi sita bila kulipwa. Asipokuwa nao, namsihi aanze na wateja wa majumbani.

Pango nalo linapanda. Majirani zetu waliosaini mwaka 2025 wanalipa zaidi yetu kwa eneo dogo. Sisi tulisaini miaka mitatu, kwa kifungu kinachosema ongezeko halitazidi asilimia 10 kwa kila mwaka na kwamba banda la kukaushia tulilojenga wenyewe litathaminiwa na kukatwa kwenye pango endapo tutaondolewa. Mwenye eneo alikisoma kifungu hicho mara mbili, akauliza kwa nini nalijali banda la bati na nguzo kiasi hicho. Nilimpeleka mpaka kwenye safu ya kwanza, ambayo ilikuwa na wiki tano, nikachoma kipimo kwenye ubao wa chini kabisa, nikamwonyesha namba.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa yule mteja wa milango kumi na minne. Ile tuliyomrudishia ilitengenezwa Keko, kwa mbao ambazo, kwa maelewano naye, tulizileta kwanza Dodoma zikae kwenye ua wake miezi miwili kabla ya kuzikata. Niliizungukia yote, nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa kila paneli kutafuta ule mstari usio na vanishi. Sikuupata. Sasa amenipa oda ya kabati za jikoni, na ametaka mninga uleule ulioandikwa kwa chaki mwezi Juni.